Safari ndefu ya ndege: mwili hauhesabu kilomita



Jumapili moja ya mwezi uliopita, watu walipokuwa wakitoka Misa ya pili, mama mmoja wa hapa Ngaramtoni alinisubiri nje ya kanisa akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, kisha bila kuzunguka akatoa karatasi tatu. "Nesi, wewe una miwani. Hebu nisomee."

Ilikuwa tiketi ya ndege. Binti yake anaishi Minneapolis, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, na mwezi Julai anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza. Mila zetu mnazijua: mzazi haachwi peke yake. Lazima awepo mtu wa kumpikia uji, wa kumkanda na wa kumwogesha mtoto. Kwa hiyo mama anakwenda. Kijana wake wa mwisho alikuwa amekwisha kumsomea tiketi ile na kumtoa hofu: "Kutoka Amsterdam hadi kwa dada ni saa mbili tu, mama. Unaondoka saa saba mchana, saa tisa umefika."

"Sasa nesi," akaniuliza, "kama ni saa mbili tu, mbona kila mtu ananiambia Marekani ni mbali kupita Ulaya? Ni kilomita ngapi hasa?"

Nakiri kwamba kabla sijaisoma tiketi niliiangalia miguu yake. Ndivyo tulivyo sisi manesi. Mama huyu ana miaka 66, anakunywa dawa ya shinikizo la damu kila siku, na chini ya magoti mishipa yake imejitokeza kama kamba. Swali la kilomita tulilijibu siku ileile. Lakini lipo swali lingine ambalo hakuliuliza, nalo ndilo lililonifanya niandike ukurasa wa mwezi huu.

SAA MBILI AMBAZO NI TISA

Kijana hakusoma vibaya. Tiketi yaandika kuondoka Amsterdam saa 13:00 na kufika Minneapolis saa 15:00, siku hiyohiyo. Ila kila mji umeandikiwa saa yake wenyewe. Minneapolis iko nyuma ya Amsterdam kwa saa 7. Wakati huko Minneapolis ni saa tisa alasiri, Amsterdam ni saa nne usiku, na hapa kwetu ni saa tano usiku. Toka saa saba mchana hadi saa nne usiku ni saa 9. Hizo ndizo saa ambazo mama atakaa kitini, si mbili.

Kati yetu na Minneapolis tofauti ni saa 8 katika miezi ya joto ya kule, na saa 9 kuanzia Novemba hadi Machi, kwa sababu Wamarekani hurudisha saa zao nyuma na sisi hatufanyi hivyo. Amsterdam nayo iko nyuma yetu kwa saa 1 wakati wa joto, na saa 2 wakati wa baridi.

Hapo hapo niongeze jambo lililowahi kuwaumiza watu. Tiketi hutumia saa za kizungu, zile za kuanzia 00:00 hadi 23:59. Ukiona 20:30, ni saa mbili na nusu usiku. Ukiona 00:30 ya tarehe 15, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 15. Mtu anayefika kiwanjani tarehe 15 jioni, na shuka zake na maziwa mgando ya mjukuu, atakuta ndege ilikwishaondoka zamani.

KILOMITA ZENYEWE

Chukua tufe la shuleni, lile lenye ramani ya dunia, uvute uzi kutoka Kilimanjaro hadi Minneapolis. Uzi hautakwenda moja kwa moja magharibi kama wengi tunavyodhani. Utapanda kaskazini, uvuke Sahara, upite Hispania na Ureno, ndipo uingie Bahari ya Atlantiki. Urefu wa njia hiyo ni karibu kilomita 13,300. Hakuna ndege ya abiria inayoufuata uzi huo kutoka kwetu, lazima ubadilishe mahali.

Mama amekatiwa tiketi ya kupitia Amsterdam. Toka KIA hadi Amsterdam, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 6,900 hivi. Toka Amsterdam hadi Minneapolis ni karibu 6,700. Jumla 13,600. Utaona kwamba kupitia Uholanzi hakumzungushi sana.

Lakini ndege ya KLM inayotoka KIA, kwa miaka mingi, imekuwa na desturi ya kushuka kwanza Dar es Salaam kuchukua abiria wengine, ndipo igeuke kaskazini. KIA hadi Dar ni kilomita 450 angani, na Dar hadi Amsterdam ni karibu 7,350. Maana yake, baada ya mama kuagana na ndugu, kufunga mkanda na kuruka kama saa nzima, atajikuta yuko mbali zaidi na Amsterdam kuliko alipoanzia. Nilipomweleza alicheka sana. "Yaani tunarudi nyuma kwanza!" Ndiyo. Tena wanaoendelea na safari kwa kawaida hubaki humohumo ndani wakati wengine wanapanda. Kwa hiyo muulize wakala wako njia yenyewe kabla ya kulipa, maana ratiba hubadilika. Hata anga hubadilika: vita vilipoanza Sudan mwezi Aprili 2023, anga la nchi ile lilifungwa, na ndege nyingi kati ya Ulaya na Afrika Mashariki zikalazimika kuzunguka.

Basi tukajumlisha kutoka mlango hadi mlango. Ngaramtoni hadi KIA ni kama kilomita 60, na foleni za mjini mnazijua, tuseme saa 2. Kusubiri kiwanjani saa 3. Hadi Dar, kukaa pale, kisha hadi Amsterdam, kama saa 11. Kusubiri Amsterdam saa 5. Kuvuka Atlantiki saa 9. Kupanga mstari wa pasipoti, kupokea mizigo na kupelekwa nyumbani kwa binti, saa 2 nyingine. Ni saa 32, na kati ya hizo 20 ni za kukaa kwenye kiti cha ndege.

Sasa linganisha. Basi la Arusha kwenda Dar es Salaam linakwenda zaidi kidogo ya kilomita 600 kwa saa 10 au 12. Ndege inayonyoosha toka Amsterdam hadi KIA inakwenda zaidi ya mara kumi ya hizo kwa saa 8 na nusu hivi. Miguu iliyokunjwa haina habari na kilomita. Kwayo, basi la Dar na ndege ya Ulaya ni kitu kimoja: ni saa nyingi bila kusimama.

MGUU ULIOKANDWA

Miaka kadhaa iliyopita tulimpokea mama aliyekuwa amerudi kutoka kwa mwanawe Ulaya. Alikuja siku ya sita baada ya kufika. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia kifundoni hadi chini ya goti, wa kulia ukiwa wa kawaida. Nyumbani walisema ni uchovu wa safari. Binti mkwe wake, kwa mapenzi mema kabisa, alikuwa amemkanda shavu la mguu kwa maji ya moto na mafuta asubuhi na jioni, siku nne mfululizo. Usiku wa kuamkia siku ile mama alianza kuhema, na kila akivuta pumzi alihisi kitu kinamchoma ubavuni.

Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, na kipande kimoja kilikuwa kimekatika, kikasafiri na damu hadi kwenye mapafu. Tulimwekea oksijeni, akaanzishiwa sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda, akapelekwa mjini kwa kipimo cha ultrasaundi. Alipona. Alikunywa vidonge kwa miezi kadhaa, na kila alipokuja kliniki aliniambia, "Nesi, mimi nilidhani ni viatu." Wapo ambao kipande cha namna hiyo huwaua kabla hawajafika hospitali.

Ugonjwa huu hutokeaje? Damu ya miguuni haina pampu yake ya kuirudisha juu. Pampu ni nyama za shavu la mguu. Unapotembea zinajibana na kuisukuma damu kupanda kwenye moyo. Unapokaa saa nyingi magoti yamekunjwa na ukingo wa kiti unabana nyuma ya paja, pampu imelala. Damu inakwenda polepole, na damu iliyotulia huelekea kuganda, hasa kwa mtu ambaye damu yake tayari ina sababu nyingine ya kuganda.

Hili halikuanza na ndege. Mwaka 1940, wakati London ikipigwa mabomu, watu walikuwa wakilala usiku kucha kwenye viti vya turubai ndani ya mahandaki. Daktari Keith Simpson aliandika katika jarida la The Lancet juu ya watu waliokufa ghafla kwa vipande vya damu mapafuni baada ya kukaa hivyo. Mwaka 1954 daktari Mmarekani John Homans naye akaeleza wagonjwa waliogandiwa na damu baada ya kukaa muda mrefu ndani ya ndege, ndani ya gari, hata kwenye jumba la maigizo. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2007: safari ya saa 4 au zaidi ya kukaa bila kujongea huongeza hatari hii karibu mara mbili, iwe kwa ndege, basi, gari au treni. Msiogope kupita kiasi. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Ila si sote tuna afya sawa.

Anayetakiwa kuonana na daktari kabla ya safari ni yule aliyewahi kugandiwa na damu, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wiki za karibuni, mwenye saratani, mjamzito au aliyejifungua juzijuzi, anayetumia dawa zenye homoni ya estrojeni, mnene sana, na mwenye mguu uliofungwa hogo. Umri mkubwa nao huongeza, na mishipa iliyojitokeza kama ya mama yetu pia.

MAMA ATAFANYA NINI

Nilimwambia hivi. Aombe kiti cha kando ya njia, si cha dirishani. Dirishani utaona mawingu, lakini utaona haya kuwaamsha watu wawili kila unapotaka kusimama, na kina mama wa umri wake wana haya kuliko vijana. Matokeo yake hukaa saa tisa bila kwenda hata msalani, na wengine huacha kunywa maji makusudi ili wasisumbue. Hilo ni kosa. Anywe maji kila yanapopita. Pombe aiache, inakausha mwili na inalaza mtu usingizi mzito akiwa amejikunja.

Kila saa akiwa macho, asukume visigino chini na kuinua vidole, kisha ageuze: vidole chini, visigino juu, mara ishirini au thelathini. Nilimwonyesha palepale kwenye benchi, na watoto wa Kipaimara wakatucheka. Kila baada ya saa mbili, taa ya mikanda ikiwa imezimwa, asimame atembee hadi mwisho wa ndege na kurudi. Mfuko wa mkononi usikae mbele ya miguu yake, auweke juu. Nguo zisimbane kiunoni wala chini ya goti.

Kuna soksi maalumu za kubana, zinazofika chini ya goti. Kwa mtu mwenye hatari kama yake zinasaidia, na daktari ameziafiki. Lakini zipimwe kwenye mguu, zisinunuliwe kwa kukisia. Na mwenye kisukari cha siku nyingi au anayeumwa miguu akitembea asizivae kabla mishipa yake haijachunguzwa. Juu ya aspirini, najua wengi hupeana nyumba kwa nyumba: usiimeze kwa ajili ya safari tu bila kuambiwa na daktari. Inaweza kukutoboa tumbo.

DAWA NA SAA YA NYUMBANI

Hapa ndipo saa za tiketi zinapogeuka kuwa jambo la hospitali. Mama hunywa kidonge cha presha saa moja asubuhi. Akifuata saa ya Minneapolis siku ya kwanza, saa moja asubuhi ya kule ni saa tisa alasiri ya hapa, kwa hiyo atakuwa amechelewa saa 8. Akichanganyikiwa akanywa viwili, vilevile ni tatizo. Tulikubaliana kwamba saa yake ya mkononi haitaguswa. Itabaki kwenye saa za Ngaramtoni safari nzima, na kidonge atakunywa kwa saa hiyo. Akishafika na kulala usiku mmoja, ndipo daktari aliyempangia atakuwa amemwandikia jinsi ya kukisogeza hadi asubuhi ya kule.

Kwa mwenye kisukari anayejidunga insulini, jambo hili si la kukubaliana nje ya kanisa. Akienda magharibi siku yake inarefuka kwa saa 8 au 9. Akirudi mashariki inafupika kiasi hichohicho, na dozi ileile kwenye siku fupi inaweza kumshusha sukari hadi azimie. Aende kliniki wiki mbili au tatu kabla, na tiketi mkononi, aandikiwe ratiba.

Dawa zote zikae kwenye mfuko wa mkononi, katika paketi zake, pamoja na barua ya daktari. Sanduku kubwa huweza kupotea, na insulini iliyowekwa kwenye mizigo ya chini inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika. Ile amri ya vimiminika visivyozidi mililita 100 hailengi dawa za lazima, ila mwonyeshe mkaguzi kabla hajakuuliza.

MIRIAKAMBA NDANI YA NDEGE

Mama aliniuliza pia kama hewa huko juu inatosha. Ndege hizi huruka kwenye kimo cha mita 10,000 hadi 12,000, karibu mara mbili ya Kilimanjaro. Ndani, hewa husukumwa hadi iwe kama ya mlima wa mita 2,400 hivi au chini yake. Wanaopanda Mlima Meru hulala usiku wa kwanza Miriakamba, mita 2,500. Basi ndiyo hewa hiyo, oksijeni yake ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Sisi tunaoishi kwenye mita 1,400 na zaidi tunapandishwa elfu moja tu. Mtu wa Dar anapandishwa zote. Kwa mtu mzima wa afya si kitu.

Kwa mtoto au kijana mwenye siko seli ni kitu. Oksijeni ikipungua chembe zake hujikunja, maumivu yakaanza huko huko angani. Asisafiri kama ameumwa vikali siku kumi zilizopita, na daktari wake aseme kama anahitaji oksijeni safarini. Hali kadhalika mwenye upungufu mkubwa wa damu, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu anayehema akipanda ngazi. Mjamzito mwenye mimba ya wiki 28 au zaidi abebe barua. Baada ya wiki 36 mashirika mengi hayampakii. Hogo lililofungwa chini ya saa 48 likatwe upande, kwa kuwa mguu huvimba. Mtoto mchanga anyonyeshwe ndege inaposhuka, masikio yake yatazibuka.

KURUDI KIA

Ishara za hatari muwaeleze wote wa nyumbani, maana zinaweza kuja hata wiki nane baada ya safari, ingawa wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi. Mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake. Shavu la mguu kuuma na kuwa la moto. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa kwa kiganja na pima miguu yote miwili kwa uzi. Miguu yote miwili kuvimba kidogo sawasawa na kupoa baada ya kulala usiku ni kawaida. Mmoja si kawaida. Usiukande, usiuchue, usiufunge majani. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kukiwa na kuhema, kuchomwa kifuani, kukohoa damu au kuzimia, msingoje asubuhi.

Mama anarudi Oktoba. Kijana wake ameniahidi atakodi gari kwenda kumpokea. Nimemwomba jambo moja. Kwa desturi yetu anayetoka safari huwekwa kiti cha nyuma, katikati ya shangazi wawili, na sanduku kwenye miguu, halafu wote huimba hadi Ngaramtoni. Waimbe tu, ila mama wampe kiti cha mbele, anyooshe miguu, na pale Tengeru wasimame kidogo ashuke atembee.